Habari Mbaya Nazo Zifike

Kiwanda cha Mbao, Mufindi
14 Februari 1954

Mke wangu mpendwa, Mama Tusajigwe,

Ugonile. Natumaini barua hii itakukuta mzima, pamoja na Mama, binti yetu Tusajigwe na mdogo wangu Asukile. Mimi huku sijambo, ila baridi ya Mufindi unaijua kwa kusimuliwa tu. Asubuhi ukungu unaingia hadi ndani ya blanketi.

Nina neno kubwa. Jumatatu iliyopita Bwana meneja aliniita, akaniambia niache benchi la useremala. Tangu siku hiyo mimi ni nyapara wa kiwanda kizima: watu wa magogo, wa misumeno na wa kupanga mbao, wote wako chini yangu. Nimepewa koti refu la kaki. Nilipotoka ofisini, wale wale niliokuwa nakula nao ugali jana yake wakasimama. Mama Tusajigwe, walisimama!

Sasa sikiliza mpango wangu. Ndani ya miaka miwili nataka nyumba ya matofali ya kuchoma, paa la bati, madirisha ya vioo, pale pale juu ya barabara, ili kila anayepita kwenda Tukuyu aulize ni ya nani. Mvua zikikatika Asukile aanze kufyatua matofali. Wewe uwapikie mafundi na usimamie maji ya udongo. Shamba la bondeni lipandwe viazi, si maharage. Mbuzi wasiuzwe. Tusajigwe asizurure kwa majirani.

Na jambo moja zaidi. Kazi yangu sasa ni ya kichwa. Ukiandika, niandikie yanayonipa nguvu. Malalamiko yamalizeni huko huko.

Ni mimi mumeo,
Baba Tusajigwe (Yotamu)


Igawilo, Mbeya
9 Machi 1954

Baba Tusajigwe, mume wangu,

Ndaga, asante kwa barua. Sisi ni wazima. Mama anauliza kama koti hilo linafika magotini; nilipomsomea habari zako alipiga vigelegele hadi kuku wakakimbilia migombani.

Nami nimefurahi kwa moyo wote. Nilipoisoma mara ya pili nilihesabu maagizo, nikakuta ni mengi kuliko vidole vya mkono mmoja, na swali hata moja sikuliona. Nikacheka peke yangu jikoni. Usinikasirikie, ni utani wa mkeo.

Nami nina neno kubwa: Krismasi uliyokuja haikupita bure. Mama ameshanitazama, anasema mwezi wa tisa tutapata mtoto. Naomba kitu kimoja. Unakumbuka nilivyoteseka kumzaa Tusajigwe: nilibebwa kwa machela, tukakuta mto umejaa, tukarudi nyuma. Nataka mwezi wa saba niende kwa Shangazi, Mbeya mjini, nikae karibu na hospitali hadi nijifungue. Je, unakubali?

Mkeo akupendaye,
Mama Tusajigwe


Mufindi
20 Aprili 1954

Mama Tusajigwe,

Salamu nyingi. Nashukuru Mungu kwa habari ya mtoto, na nimewaambia watu wote hapa.

Kuhusu Mbeya, subiri. Mwezi wa saba ndio wa kuchoma matofali. Ukiondoka wewe, Asukile atakaa kwenye pombe ya ulanzi na tanuru litazimika. Choma kwanza, mwezi wa nane nenda. Ni wiki chache tu. Nyumba haiwezi kuwa na manyapara wawili, mke wangu. Mwenye kuona mbali ni mmoja na wengine wanamfuata.

Ndivyo ninavyofanya hapa. Mwanzo walinizoea mno. Kuna mzee mmoja wa Kilolo, anaitwa Kalinga, kazi yake ni kupaka mafuta mikanda ya mashine. Juzi akanijia mbele ya watu: “Nyapara, ule mkanda wa msumeno mkubwa…” Nikamkata: “Mzee, umeajiriwa kupaka mafuta au kuhubiri?” Watu wakacheka, akarudi kazini. Tangu siku hiyo hakuna anayenisumbua, na mbao zinatoka nyingi kuliko zamani. Bwana meneja amenisifu.

Mumeo,
Baba Tusajigwe


Igawilo
11 Mei 1954

Baba Tusajigwe,

Hatujambo. Barua nimeipata. Tutafanya kama ulivyoagiza.

Mkeo


Mufindi
26 Septemba 1954

Mama Tusajigwe,

Salamu. Mimi ni mzima, lakini moyo wangu si mzima. Huu ni mwezi wa nne sijaona mwandiko wako. Madereva wa malori ya mbao wanapita hapo, wananiambia nyumbani kuna watu na moshi unafuka. Basi mnaishi. Mtoto amezaliwa? Ni wa kike au wa kiume? Tanuru lilichomwa? Nimekuwa mtu wa kuulizia mambo ya nyumba yangu kwa madereva!

Kama umenikasirikia, sema. Lakini kunyamaza hivi ni kunidharau.

Mumeo,
Baba Tusajigwe


Igawilo
17 Oktoba 1954

Baba Tusajigwe,

Nakusalimu. Mama hajambo. Tusajigwe hajambo, ameota meno mawili ya mbele.

Umesema niseme, basi nasema.

Tanuru lilichomwa mwezi wa saba. Maji ya udongo wa kukandika tanuru tuliyachota mtoni, mimi na wanawake wawili, siku kumi na moja mfululizo. Siku ya kumi na mbili kiuno kilianza kuuma asubuhi, nikiwa na ndoo kichwani. Asukile alikimbia kutafuta gari barabarani. Hakupata. Mama na mke wa jirani walinishika. Mtoto alikuwa wa kiume. Alikuwa mdogo, mikono yake imekunjamana kama majani machanga ya mgomba. Alipumua hadi jua lilipofika utosini. Mchungaji alikuja akambatiza, nikampa jina la baba yako. Tulimzika kando ya kaburi la babu yake.

Sikukuandikia kwa sababu sikujua nikuandikie vipi. Nilichukua karatasi mara tatu. Kila mara nilikumbuka umesema nikuletee yanayokupa nguvu, na hili halikuwa na nguvu yoyote ndani yake. Nikaogopa. Yotamu, mimi sijawahi kukuogopa tangu uliponiposa. Mwaka huu nimekuogopa.

Matofali yako yaliiva vizuri. Ni mekundu. Yamepangwa juu ya barabara na yamefunikwa kwa nyasi.

Mkeo,
Tupokigwe


Mufindi
8 Novemba 1954

Tupokigwe, mke wangu,

Sijui nianze na salamu gani.

Barua yako niliikuta hapa siku niliporudi kutoka hospitali ya Iringa. Sikuwa mgonjwa mimi. Ule mkanda wa msumeno mkubwa ulikatika pale ulipoungwa, ukamvuta yule mzee Kalinga mkono wa kushoto. Tulimpandisha kwenye lori la mbao, nikakaa naye nyuma njia nzima, nimemfunga kwa shati langu. Mkono haukupona, wameukata.

Nilikaa Iringa siku tatu. Mke wake, Mama Evarista, alikuja kutoka Kilolo kwa miguu na kwa malori. Nikajitambulisha: “Mimi ndiye nyapara wake.” Akanipa mkono, akanikaribisha kiti kama vile ni nyumbani kwake. Sikuweza kukaa. Nikamwambia Kalinga, “Mzee, mbona hukuniambia mkanda umeoza?”

Akanitazama bila hasira. “Nilikuja kukuambia.”

“Siku ile moja tu.”

“Mwanangu,” akasema, “mbwa akipigwa mlangoni mara moja, unataka arudi mara ngapi?”

Ndivyo nilivyorudi hapa, na barua yako ikiwa juu ya kitanda changu.

Tupokigwe, watu wawili waliona hatari inakuja. Mmoja alikuwa anapaka mafuta, mmoja alikuwa anachota maji. Wote wawili walinijia, nikawarudisha wote wawili kwa maneno ya kujisifia. Nilidhani kuona mbali ni kuona nyumba ya bati ambayo haijajengwa. Mkanda ulikuwa hatua kumi kutoka niliposimama.

Sina uwezo wa kurudisha mwezi wa saba. Nakuomba msamaha, na kama huko tayari kuutoa, utoe siku utakayoweza. Nimeomba ruhusa ya Krismasi. Nataka kwenda kaburini nikamsalimie mwanangu.

Na sasa nakuuliza, jambo ambalo nilipaswa kulifanya tangu Februari: wewe unataka nini? Si kwa ajili ya kunifurahisha. Wewe.

Mumeo,
Yotamu


Igawilo
23 Januari 1955

Baba Tusajigwe,

Ugonile, mume wangu. Tangu lori lako lilipopinda kule Uyole nyumba imekuwa kimya. Tusajigwe anakaa kwenye kigoda chako na hataki mtu akiguse. Mama anasema mwanawe sasa amejifunza kukaa. Nilimwuliza, kukaa vipi? Akasema, “Zamani alikuwa anakaa huku anaondoka.”

Pale kaburini ulilia, nami sikukunyamazisha. Nilitaka ulie. Sasa nimepata nafuu kidogo, na naona hata kukupikia kulikuwa na utamu wake.

Uliniuliza swali, na ulipokuwa hapa sikujibu kwa sababu nilihofia uso wako utabadilika. Naandika ili uso wako ubadilike huko huko, halafu utulie, ndipo unijibu.

Yale matofali siwezi kuyaita nyumba yangu. Kila tofali nalijua maji yake. Lakini siwezi pia kuyaacha yaote nyasi. Nimefikiri hivi. Wanawake wa milimani, wale wa nyuma yetu kabisa, wakikaribia kujifungua hawana pa kufikia hapa barabarani. Wanashuka uchungu ukishaanza, na gari halipo. Nataka tujenge nyumba ya vyumba viwili karibu na kanisa, kando ya barabara, mwanamke aje wiki mbili tatu kabla, akae na mwenzake, na gari la kwenda Mbeya likipita alisimamishe akiwa bado ana nguvu. Mchungaji anasema kiwanja kipo. Wanawake wa kwaya wako tayari kubeba.

Najua unachopoteza. Umeiota nyumba ile tangu ulipoanza kazi Mufindi, miaka minne. Ukikataa sitanyamaza tena kama mwaka jana, nitabishana nawe. Lakini nitabishana nikikupenda.

Mkeo,
Mama Tusajigwe


Mufindi
2 Machi 1955

Mama Tusajigwe,

Salamu kwako na kwa wote. Sisi huku tuna mvua, magogo yanateleza, lakini hakuna aliyeumia.

Nitakuwa mkweli. Nilipomaliza barua yako niliikunja nikaitia chini ya godoro, na nilikuwa na hasira. Nilisema moyoni: miaka minne ya vumbi la mbao, leo wapewe watu ambao hata majina yao siyajui! Nilikaa na hasira hiyo siku tisa. Siku ya kumi nikamweleza Kalinga. Amerudi kazini, sasa ni mlinzi wa lango. Akauliza, “Nyumba hiyo ulitaka wapita njia waulize ni ya nani, sivyo?” Nikasema ndiyo. Akasema, “Hata hiyo wataiuliza.” Kisha akacheka, nami nikacheka kwa shida.

Jengeni. Milango na madirisha nitatengeneza mimi kwa mikono yangu, siku za Jumapili baada ya ibada.

Nikueleze na mambo ya hapa. Nimeweka sheria moja mpya. Mtu yeyote, awe fundi, awe mfagiaji, akiona jambo baya anainua mkono na kusema “Simama!”, na mashine inazimwa papo hapo, halafu ndipo tunaulizana. Hakuna wa kumcheka, hata akikosea. Wiki ya kwanza hakuna aliyethubutu. Wiki ya pili walisimamisha mara nne, na mara mbili kulikuwa na hatari ya kweli. Bwana meneja hajaipenda, anasema mbao zimepungua. Nimemwambia zitarudi. Sina hakika kama zitarudi.

Mumeo,
Baba Tusajigwe


Igawilo
19 Juni 1955

Baba Tusajigwe,

Ndaga fijo kwa milango, asante sana sana. Dereva aliishusha salama, na wanawake waliigusa kama kitambaa cha harusi. Mama ana kikohozi lakini anakula.

Kuta zimefika kwenye madirisha. Wamenichagua mimi kuwa kiongozi wa kazi, na nina aibu ya kukueleza. Juma lililopita nilikuwa na haraka ya kumaliza kabla ya mavuno. Apolonia, yule mjane mpole, akaanza kusema kitu kuhusu chumba cha nyuma. Nikamjibu, “Beba kwanza, utasema baadaye.” Akabeba. Yotamu, niliisikia sauti yako ya mwaka jana ikitoka kinywani mwangu! Nilikaa chini juu ya matofali. Kisha nikamfuata hadi mtoni, nikamwomba aseme. Kumbe chumba cha nyuma tulikiacha bila nafasi ya moto, na akina mama wangelala kwenye baridi ya Julai. Tumebomoa ukuta kidogo na kuweka meko.

Nilikuhukumu sana. Sikuacha kuwa na haki, lakini sasa najua ni rahisi kiasi gani kuwa hivyo. Mtu akishapewa kazi na siku za kuimaliza, masikio ndiyo ya kwanza kuziba.

Mbona barua zako zimekuwa fupi? Kuna jambo?

Mkeo,
Mama Tusajigwe


Mufindi
14 Agosti 1955

Mke wangu Tupokigwe,

Nakusalimu kwa upendo. Hujambo? Mama kikohozi kimeisha?

Umeuliza kama kuna jambo, nami nimekaa na barua yako siku nyingi. Ulipouliza, Bwana meneja alikuwa ananibana tu kuhusu mbao zilizopungua; sasa jambo lipo. Mimi si nyapara tena, tangu mwanzo wa Julai.

Ilikuwa hivi. Bwana meneja alikuja na wageni wake kutoka Dar es Salaam kuwaonyesha msumeno mkubwa. Katikati ya kazi Crispin, mfagia vumbi la mbao, akainua mkono: “Simama!” Injini ikazimwa. Crispin alikuwa ameona moshi. Tukatazama, ulikuwa ni mvuke tu wa gogo bichi. Wageni wakatabasamu. Bwana meneja akawa mwekundu. “Nani amesimamisha mashine yangu?”

Crispin akarudi nyuma hadi ufagio ukaanguka. Nikasema, “Ni mimi, Bwana. Anafuata agizo langu.”

“Basi lifute agizo hilo sasa, mbele yao.”

Tupokigwe, wote walikuwa wananitazama. Nilijua nikilifuta, hakuna mtu atakayeniambia ukweli tena hadi nife. Nikasema, “Hilo siwezi.” Nikavua koti, nikalikunja, nikaliweka juu ya gogo. Nimerudi kwenye benchi la useremala.

Nyapara mpya anaitwa Timotheo, kijana mwenye bidii. Asubuhi yake ya kwanza alisema kazi ianze. Hakuna aliyesogea. Crispin, yule yule mwoga, akauliza, “Neno la ‘Simama’ bado lipo?” Timotheo akatazama ofisini, akatutazama sisi. Akasema polepole, “Lipo. Ila msilipigie kelele.” Kazi ikaanza. Juzi limetumika tena, na kijana mmoja wa magogo bado ana miguu yake miwili.

Nilikuficha kwa sababu niliona aibu. Niliondoka nyumbani nikiahidi ukubwa, na sasa sina nyumba ya bati wala cheo. Nilijua utanielewa, na hata hivyo niliogopa. Sasa najua ulichokisikia ulipochukua karatasi mara tatu.

Mumeo,
Yotamu, fundi seremala


Igawilo
11 Septemba 1955

Mume wangu, baba wa mtoto wangu,

U mzima? Mimi ni mzima. Mama anakohoa bado, na sitakuambia kwamba amepona. Namtengenezea uji wa ulezi na anauliza habari zako kila siku.

Nina mengi, na nitayasema kama yalivyo.

Mbuzi jike, yule mwenye ndevu nyeupe, alikufa Jumatano. Asukile amegombana na wajomba zake kuhusu mpaka wa shamba na hawasalimiani. Tusajigwe alipigwa fimbo shuleni kwa kumjibu mwalimu, na nilipomwuliza alijibu nini, nikaona alikuwa na haki, kwa hiyo nimekwenda kuzungumza na mwalimu. Na mimi nimekukasirikia. Wiki sita, Yotamu! Wiki sita ulikaa na uchungu huo peke yako, na mkeo anajua kusoma.

Hasira hiyo ilidumu tangu nilipofungua barua hadi nilipofika pale ulipovua koti. Hapo nikamwita Mama, nikamsomea tena kutoka mwanzo. Hakupiga vigelegele safari hii. Alisema tu, “Huyo ndiye niliyemzaa,” akaomba nimsomee mara ya tatu.

Nyumba imekwisha. Paa ni la nyasi. Juma lililopita alishuka mwanamke kutoka milimani, mimba yake ya nne, hao watatu wa kwanza hakuna aliyeishi. Alikaa nasi siku tano, akaota moto na Apolonia. Uchungu ulipoanza asubuhi alikuwa tayari yuko barabarani, kanga yake mkononi, na gari la kwanza lilimchukua. Jana amerudi kutoka Mbeya na mtoto wa kike anayelia kwa sauti ya kuvunja mawe. Nilimpakata. Sikumrudisha upesi.

Huna cheo, kwa hiyo hakuna wa kukunyima ruhusa ndefu. Njoo ukae nasi hadi mvua zianze, tuzungumze tutaishi wapi, Mufindi sote au hapa sote. Mimi nina mawazo yangu, wewe njoo na yako.

Na uje na randa. Mlango wa mbele, ule uliotengeneza mwenyewe, unakwama. Wanawake wote wanaogopa kukuambia kwa sababu ni zawadi. Unakwama vibaya sana, Baba Tusajigwe.

Mkeo,
Tupokigwe